Waanikaji wa Dagaa na Mbio za Purini

Kazi ya kuanika dagaa wengi huidharau. Mtu akipita mwalo wa Igombe, pembezoni mwa jiji la Mwanza, huona akina mama wameinama wakitawanya samaki wadogo, akadhani jua ndilo linalofanya kazi yote. Akikaa awatazame asubuhi nzima, atawaheshimu.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi za sola, dagaa wakaufuata mwanga na kunaswa. Boti zikitia nanga alfajiri, mwanikaji tayari anashindana na muda. Kila chembe hai hupata nguvu kutokana na ATP, ambayo ndani yake mna adenini, mojawapo ya kemikali za jamii ya purini. Samaki akifa, akiba ya ATP hukatika, na vimeng'enya vya nyama yake huivunja hatua kwa hatua mpaka ikawa kemikali iitwayo IMP. Hiyo ni sehemu kubwa ya utamu wa samaki. Mwaka 1913 Mjapani Shintaro Kodama aliitambua katika katsuobushi, samaki mkavu wa kwao. Lakini IMP nayo haikai. Huvunjika ikawa inosini, kisha haipozanthini, ambayo ni chungu. Katika joto letu, bakteria wakiongeza kasi, utamu hauchelewi kugeuka uchungu.

Dawa yake ni kuwahi kuondoa maji, kwa kuwa bakteria hawastawi pakavu na vimeng'enya navyo hupungua kasi. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Mama anamwaga ndoo ya dagaa waliosafishwa juu ya chanja ya wavu, kisha anapitisha kiganja kwa wepesi, vidole vimetanuka, mpaka kila dagaa analala peke yake. Palipobaki fungu anarudi kupatawanya, maana dagaa wakilaliana, wa chini hubaki na unyevu na kuoza. Jua likipanda anawageuza. Kila mara anatupia jicho ziwani, kwa sababu mvua ya ghafla yaweza kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Mwishoni anaokota mmoja na kumkunja. Akipinda, bado, akivunjika kwa mlio, yuko tayari.

Hata ule mng'ao wa fedha ubavuni mwa dagaa ni kazi ya purini. Chini ya ngozi yake kuna fuwele nyembamba za guanini, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, nazo hurudisha mwanga kama vioo. Dagaa aliyesuguliwa mchangani au kuchelewa kukauka hufifia na kuwa kahawia. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hutazama rangi kabla ya kuuliza bei: mng'ao humwonyesha jinsi samaki alivyoshikwa tangu alipotoka majini.

Purini hizo zina upande wa pili. Miili yetu huzivunja mpaka zikawa asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Binadamu hana, hivyo sisi huitoa zaidi kwa mkojo. Ikizidi kwenye damu yaweza kuganda kuwa fuwele kama sindano ndani ya viungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na hayo ndiyo maumivu ya jongo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji, dagaa mkavu hubeba purini nyingi katika uzito mdogo. Mwenye jongo na apunguze na amsikilize daktari wake. Kwa wengine wengi, dagaa ni protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia.

Turudi kwa mwanikaji. Chanja huwaepusha dagaa na mchanga na kupitisha hewa juu na chini, lakini hugharimu mbao, wavu na nafasi, ndiyo maana wengi bado huanika chini. Anayetaka dagaa bora wa Ziwa Victoria aanze kwa kumlipa vizuri aliyewaanika. Ukifika soko la Mwaloni, Kirumba, uliza dagaa wa chanja, chagua wenye mng'ao, mvunje mmoja usikie mlio wake, na bei yake usiivute sana.