Rubani Asiye na Uso

Katika filamu ya Top Gun (1986), iliyoongozwa na Tony Scott, afapo Goose, mwenzi wa rubani shujaa, twaonyeshwa mjane wake. Kifo hicho kina uzito. Lakini katika pambano la mwisho ndege nne za adui zinaangushwa, nasi hatuoni hata jicho la mtu. Marubani wake wamevikwa kofia nyeusi zenye vioo vyeusi. Hata nchi yao haitajwi. Kilipukacho ni chuma, na ukumbi hupiga makofi (nasi twakiri tulipiga).

Hatudai kwamba msanii ampende adui. Filamu ya Battle of Britain (1969), yake Guy Hamilton, yahusu vita vya anga vya mwaka 1940, na haifichi ni nani mshambulizi. Hata hivyo Wajerumani wake husema Kijerumani, nao huumia na kufa mbele ya macho yetu. Kisha twaingizwa katika bwalo lao: waliobaki wanakula kimya miongoni mwa viti vitupu. Hakuna anayetufafanulia lolote. Hapo hatukusikia makofi.