Pongezi kwa madereva wa Igogo

Madereva wanaotoka Igogo, Mwanza, alfajiri kuwapeleka wageni Serengeti wanastahili pongezi. Barabara ya Musoma wanaijua tuta kwa tuta. Kisesa watakuchepusha hadi makumbusho ya Bujora, uzione ngoma za Wasukuma. Magu na Lamadi wanazipita haraka, nami sioni ubaya. Ufundi wao huonekana baada ya lango la Ndabaka. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unapandisha kioo kabla mbung'o hawajaingia, na macho yanatafuta mamba kingoni mwa mto Grumeti. Nyumbu wakivuka njia, huzima injini bila kuombwa. Ukisafiri nao, usivae buluu wala nyeusi, maana mbung'o huzifuata rangi hizo. Na bakshishi, mpe dereva mwenyewe mkononi.