Kutu Nyekundu, Kutu Nyeusi: Jinsi Bastola Iliyozama Mafurikoni Inavyookolewa

Tarehe 29 Agosti 2005 Kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kingo za mifereji ya New Orleans zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji yaliyokaa kwa majuma. Mengi ya maji hayo yalitoka Ziwa Pontchartrain, ambalo limeungana na bahari, kwa hiyo yalikuwa na chumvi. Yakachanganyika na maji taka, petroli na tope. Katika nchi ambayo watu wengi huweka bastola kwenye droo ya kando ya kitanda, wenye nyumba waliorudi walikuta silaha zimelala ndani ya uji huo.

Nataka kuonyesha kazi ya kuziokoa inavyofanywa, hatua kwa hatua, kwa kutumia bastola moja inayojulikana sana: rivolva ya Smith & Wesson Model 10. Ukoo wake ulianza mwaka 1899, na imetengenezwa kwa mamilioni. Ni ya chuma cha kaboni cha kawaida kilichotiwa weusi wenye mng'ao wa samawati, ina mbao kitakoni, na silinda yake ina vyumba 6 vya risasi. Hoja yangu ni hii: silaha nyingi zinazoharibika kwa mafuriko huharibika baada ya kutoka majini, mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Chini ya tope lililotulia oksijeni ni kidogo, na chuma huliwa polepole. Bastola ikitolewa na kuwekwa mezani ikiwa bado imelowa maji ya chumvi, inapata hewa tele, na chumvi inaharakisha kazi. Kwa muda wa saa chache tu uso mzima unaweza kugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hukataza isianikwe juani. Kama hawezi kuifungua siku hiyohiyo, huizamisha kwenye ndoo ya maji safi, akayabadilisha, mpaka awe tayari.

Kabla ya hapo kuna jambo la uhai. Bastola huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka macho yathibitishe vinginevyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo silinda inaweza kujikaza ndani ya fremu na risasi zikiwamo. Haipigwi nyundo. Hulowekwa kwenye mafuta ya kulegezea, mtutu ukielekezwa pasipo na mtu, na kushawishiwa taratibu. Risasi zilizotoka humo hazitumiki tena hata zikionekana nzima. Baruti iliyolowa inaweza kuisukuma risasi nusu ya mtutu na kuiacha humo, na mlio unaofuata ukaupasua mtutu. Zinakabidhiwa polisi.

Kosa linalofanywa na wengi ni kukimbilia mafuta. Mtu huona maji, anamimina mafuta, anaridhika. Lakini maji ni mazito kuliko mafuta, na yaliyojificha kwenye pembe hubaki chini yake, yakigusa chuma. Hata dawa za kupulizia zilizobuniwa kusukuma maji haziyeyushi chumvi. Chumvi huyeyushwa na maji. Kwa hiyo mpangilio ni huu: maji safi ya moto kwanza, mara kadhaa, pamoja na mswaki wa kutoa tope, kisha spiriti, ambayo hujichanganya na maji yaliyobaki kwenye nyufa na kutoka nayo, kisha joto la wastani pasipo moto wa wazi, spiriti ikishapaa, ndipo mafuta. Ukiyatanguliza mafuta, umeifungia chumvi ndani.

Mbao za kitako hutolewa mapema kabisa, kwa kuwa hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma. Hukaushwa kivulini kwa siku nyingi, jua huzipasua.

Kuifungua Model 10 kunahitaji adabu. Skrubu zake zina mfereji mwembamba wenye kuta zilizonyooka, na bisibisi ya kawaida iliyochongoka hugusa midomo tu na kuibomoa. Fundi hutumia bisibisi iliyonolewa ijae mfereji wote. Bamba la ubavuni linalofunika mitambo limekaa kwa kubana sana, na anayelichokonoa kwa ncha hulipinda, nalo halitakaa tena. Njia sahihi ni kugonga fremu kwa mpini wa mbao, mtikisiko ulinyanyue lenyewe.

Ndani ya bamba hilo kuna kifaa kidogo ambacho kwangu ndicho kipimo cha uaminifu wa fundi. Mwaka 1944 baharia wa Marekani alikufa baada ya rivolva ya kampuni hiyo kuanguka sitahani na kufyatuka. Kampuni ikabuni kizuizi kipya, kipande chembamba cha chuma kinachopanda na kushuka kwenye mfereji uliochongwa ndani ya bamba, kikikaa kati ya nyundo na fremu mpaka kifyatuo kivutwe. Mfereji huo ni mwembamba, na tope la mafuriko hupenda mahali kama hapo. Kizuizi kikiachwa nje wakati wa kuunganisha, bastola itafanya kazi vilevile, na mteja hatajua. Fundi wa kweli hukisafisha, hukirudisha, na huhakikisha kinateleza bila kukwama.

Sasa kutu yenyewe. Mtu asiyejua huchukua msasa. Lakini kutu ni chuma cha bastola hiyohiyo kilichobadilika, na msasa hauchagui: hung'oa kutu, weusi wa kinga uliosalia, kingo za fremu na maandishi ya kiwandani. Siki na asidi nazo hula weusi wa kinga sawasawa na kutu, na zinaweza kuingiza haidrojeni ndani ya springi ngumu hadi zikavunjika ghafla. Umeme na maji ya magadi hufaa kwa vipande vilivyoliwa vibaya, lakini springi hazitiwi humo.

Njia ninayoisifu ni ya zamani, na nguvu yake inatoka kwenye kemia. Kutu nyekundu ikichemshwa katika maji safi hugeuka kuwa oksidi nyeusi, magnetiti. Magnetiti ndiyo hiyohiyo inayoupa mtutu weusi wake tangu kiwandani. Mafundi wa kale walikuwa wakiitia silaha kutu kwa makusudi, wakaichemsha, wakaisugua, wakarudia mpaka rangi ikolee. Kwa maana hiyo mafuriko yameanza kazi ambayo fundi angeianza mwenyewe, ila yameifanya bila mpangilio.

Basi vipande huoshwa kwa asetoni visiwe na mafuta hata kidogo, kwa kuwa mafuta huzuia maji yasifike kwenye kutu. Huchemshwa kwa dakika kadhaa katika maji yaliyotoneshwa, maana maji ya bomba huacha madoa ya madini. Wekundu hugeuka unga mweusi, ambao husuguliwa kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, nayo ikiwa imetolewa mafuta. Unga hutoka, na weusi ulioshikamana na chuma hubaki. Palipo na wekundu bado, huchemshwa tena. Kazi hii ina faida ya pili: kila mchemsho huvuta chumvi iliyosalia kwenye vitundu. Chuma kinaposhindwa kutoa wekundu mpya, fundi hukitia mafuta kikiwa bado na joto.

Bastola iliyofika hapa inapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu uzuri wa nje hausemi lolote kuhusu ndani. Risasi ya .38 Special inaruhusiwa kufikisha shinikizo la pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara elfu moja ya shinikizo la hewa tunayovuta. Nguvu hiyo hubebwa na kuta za silinda, na sehemu yake nyembamba kuliko zote ni pale palipochongwa vidato vya kuifungia. Fundi humulika kila chumba, akitafuta mashimo. Mashimo ndani ya mtutu hupunguza shabaha na kukusanya uchafu. Mashimo ndani ya chumba ni jambo zito zaidi: ganda la shaba hutanuka na kung'ang'ania humo, na ukuta umeshapungua unene. Springi hubadilishwa zote, ni rahisi kuliko majuto. Silinda hupimwa kama kila chumba kinajipanga sawa na mtutu, na nafasi iliyo kati yao hupimwa kwa fila geji. Kwa kawaida ni sehemu moja mpaka mbili za kumi za milimita.

Kisha huja uamuzi, nao ni wa fundi mwenye kibali, hata kama bastola ilikuwa ya marehemu baba wa mteja. Yenye vyumba safi na vipimo sahihi hurudi kazini. Yenye silinda iliyoliwa hutafutiwa silinda nyingine na kupangwa upya. Ambayo fremu yake imeliwa hubaki kumbukumbu ya familia, baada ya kulemazwa kwa utaratibu wa sheria. Mwenye leseni ambaye silaha yake imezama, awe New Orleans au Nairobi, anao wajibu mdogo kwa fundi huyo: aiache ndani ya maji safi, asiiguse kwa msasa, na amwambie ukweli kuhusu siku ilizokaa majini na chumvi iliyokuwamo.