«Kupumua» na Mzigo Wake: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Biolojia

Katika shule za sekondari za Kongo, biolojia hufundishwa kwa Kifaransa, na mara nyingi hufafanuliwa kwa Kiswahili pale wanafunzi wanapokwama. Mwalimu aandikapo «respiration» ubaoni, hulieleza kwa neno moja tu: kupumua. Tafsiri hiyo yaonekana sahihi, kwa kuwa hakuna asiyeielewa. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, yadhihirika kwamba neno hilo limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana, na kwamba mzigo huo umetoka katika Kifaransa chenyewe.

Jambo la kwanza ni kazi ya kifua. Msuli mpana utenganishao kifua na tumbo hukaza na kushuka, mbavu huinuka, mapafu hutanuka, hewa huingia; misuli ikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huvuta takriban nusu lita. Jambo la pili hutendeka ndani ya seli, sehemu yake kubwa katika mitokondria: sukari huvunjwa hatua kwa hatua, oksijeni hutumiwa, na nishati hupatikana pamoja na maji na kaboni dioksidi. La kwanza ni mwendo wa hewa. La pili ni badiliko la kikemia. Hewa ivutwayo ina oksijeni karibu asilimia 21, na itolewayo karibu 16. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiungo kati ya kifua na seli.

Si wanafunzi peke yao waliochanganya. Katika miaka ya 1780, Lavoisier na Laplace walipima joto la mnyama mdogo kwa barafu iliyoyeyuka, wakaona kwamba upumuaji ni mwako wa polepole. Lakini Lavoisier aliuweka mwako huo mapafuni. Ilibidi wataalamu wa karne ya 19 wauhamishie katika tishu za mwili.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Pumzi, kupumua na kupumzika ni ndugu wa shina moja, na anayekufa husemwa kuwa amekata roho au pumzi zimemwishia. Katika lugha hii pumzi ni dalili ya uhai. Kwa hiyo anayepumua huhesabiwa kuwa salama. Hapo ndipo kosa la istilahi linapogeuka kuwa hatari. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa pamoja na mbabula ya makala huendelea kupumua: kifua chapanda na kushuka, lakini kaboni monoksidi imeshika hemoglobini, na oksijeni haifiki ipasavyo inakotakiwa. Aliyekula muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha anaweza kupata sianidi, ambayo huzuia kimeng'enya cha mwisho katika mitokondria. Kwake oksijeni imefika, ila seli haiwezi kuitumia. Na huenda mgonjwa huyo akahema kwa kasi zaidi kuliko mzima. Je, ndugu zake wataelezwaje, kwa neno moja tu, kwamba anapumua lakini «hapumui»?

Njia tatu hutumika kutatua tatizo hili. Ya kwanza, kuliacha neno kupumua litumike kote, imekwisha kuonyesha udhaifu wake. Ya pili ni kukopa: respiresheni kwa wanaofuata Kiingereza, respirasio kwa wanaofuata Kifaransa. Mkopo si aibu, lakini hapa walimu wa Lubumbashi na wa Dar es Salaam wangeachana njia, na anayekopa kutoka Kifaransa angeukopa utata pamoja na neno. Ya tatu ni «upumuaji wa seli». Hii ni bora kidogo, kwani yataja mahali. Lakini yampa mwanafunzi picha ya seli yenye pua na kifua. Tena yashindwa kueleza jinsi msuli wa mkimbiaji upatavyo nishati kwa muda mfupi bila oksijeni ya kutosha, huku asidi ya laktiki ikiongezeka.

Lililo jepesi zaidi ni kutaja kitendo chenyewe: utoaji nishati katika seli. Fungu hili la maneno ni refu, wala halina utamu wa neno moja. Faida yake ni kwamba halidai hewa pasipo hewa, na laeleweka na muuguzi sawasawa na mwanafunzi. Kupumua kubaki kazi ya kifua, kama wasemaji walivyolijua tangu zamani.

TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi. Kazi iliyobaki kwa vyuo vya Kongo ni kuona kwamba kila neno labeba mzigo wake, usiozidi.