Ziwa Lisilo na Wenye Nyavu: Uchambuzi wa Filamu ya "Darwin's Nightmare"

Wapo ndugu waliokwisha kuamua kwamba filamu ya Hubert Sauper wa Austria, "Darwin's Nightmare", iliyotoka mwaka 2004, ni matusi kwa Taifa na haistahili kujadiliwa. Wapo na wengine, hasa wasomi wetu wa mijini, wanaoishika kama msahafu wa mapambano dhidi ya ubeberu. Makundi yote mawili yanabishana juu ya sura ya nchi mbele ya wageni. Swali ambalo kada hana budi kuanza nalo, yaani nani anamiliki nyenzo za uzalishaji mali na nani anatoa jasho, halikuulizwa na upande wowote.

Kwanza tueleze filamu yenyewe, maana wengi wanaoilaani hawajaiona. Siyo hadithi moja. Ni mkusanyiko wa visa vya watu wa Mwanza na visiwa vya jirani, vilivyopangwa bega kwa bega bila msimulizi. Wamo marubani wa ndege kubwa za Ilyushin wanaokuja kuchukua minofu ya sangara. Wamo kina dada wanaoishi kwa fedha za marubani hao, na mmoja wao anauawa kabla filamu haijakwisha. Yumo mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, ambaye anaona heri vita ije kwa kuwa askari hulipwa vizuri zaidi. Wamo watoto wa mitaani na wanawake wanaoanika mapanki yenye funza. Juu ya wote hao amewekwa sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 akawala samaki wengi wa asili, kama mfano wa ubepari wenyewe.

Hapana shaka Sauper ana kipaji cha kusubiri. Muda mrefu anauliza ndege zile zinaleta nini zinapokuja, naye hajibiwi. Mwishoni rubani mmoja anasimulia, kwa aibu, jinsi alivyowahi kupeleka silaha Angola kisha akabeba zabibu kutoka Johannesburg kwa ajili ya watoto wa Ulaya. Huyo rubani ni mtu wa kulipwa mshahara kama dereva wa lori, na katika maneno yake machache uhusiano wa nchi tajiri na nchi maskini unaonekana wazi kuliko katika mihadhara mingi, pamoja na yangu.

Lakini hapo ndipo mgogoro ulipoanzia. Filamu haionyeshi silaha zikishushwa Mwanza. Inamwachia mtazamaji adhani hivyo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na yakafanyika maandamano ya kuipinga. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper haki. Ni sawa. Ila hukumu ya Paris haimwambii mvuvi wa Ukerewe ni nani anayempunja.

Kasoro kubwa ya filamu ni nyingine kabisa. Tunaonyeshwa mwenye kiwanda ofisini, na samaki wake wa plastiki anayeimba ukutani (kichekesho hicho kimepatikana vizuri). Tunaonyeshwa mvuvi hoi kambini. Katikati yao pako wazi. Kumbe katika Ziwa Victoria hapo katikati ndipo unyonyaji unapopita kila siku: mawakala wa viwanda hutoa nyavu, mashine na mafuta kwa mkopo, na mvuvi hulipa kwa samaki, kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Wakala huyo hasemwi. Vivyo hivyo hatuambiwi kwamba mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipofunga soko lake kwa sababu ya uvuvi wa sumu, wafanyakazi wa viwandani na wavuvi waliumia kwa amri iliyotolewa mbali nao. Umaskini ukionyeshwa pasipo mahusiano yaliyouzaa, mtazamaji wa Ulaya anabaki na huruma, na kesho yake anaazimia kutokula sangara. Azimio hilo linamwongezea mvuvi hasara.

Nasema haya nikiwa Mpanda. Huku kwetu hakuna Ilyushin wala foleni ya minofu, lakini tuna Ziwa Tanganyika, na kiangazi cha Ikola na Karema kinaweza kutengenezwa filamu ya visa vingi kama ile. Upepo wa kusi unachafua ziwa. Usiku wa giza taa zinawashwa majini kuvuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika na kushona nyavu. Mchana mchanga unageuka mweupe kwa dagaa walioanikwa na kina mama. Asubuhi yanafanyika mahesabu: kwanza yanatolewa mafuta na gharama, kisha fungu la mwenye chombo, na kinachobaki kinagawanywa kwa waliokesha. Mchukua picha wa Sauper angekuwa bado amelala.

Kisa kimoja kinaweza kubeba filamu nzima. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Samaki wanahitaji mapumziko hayo, na asiyekubali anakata tawi alilokalia. Lakini mwenye vipe vitatu na duka hapumziki sawasawa na kibarua mwenye mikono mitupu. Katika miezi ile mitatu ungemwona nani anaazima unga kwa nani, na anaulipa kwa nini ziwa likifunguliwa.

Kwa hiyo sishauri filamu hii ifichwe. Nashauri ionyeshwe katika madarasa yetu ya itikadi, isimamishwe pale ofisini kwa mwenye kiwanda, na wanafunzi watakiwe kuandika ubaoni watu wanaokosekana kati yake na yule mvuvi wa kambini: wakala, mkopeshaji wa nyavu, mwenye chombo, mnunuzi wa mwaloni. Pale Karema zoezi hilo halitachukua muda mrefu, kwa kuwa watu hao wote wanajulikana kwa majina.