Juu ya Maneno "Borrow" na "Lend"

Walimu wenzetu hulalamika ya kuwa watoto huyachanganya maneno haya mawili ya Kiingereza, nao huwahesabia uvivu. Sisi twaona kosa ni la mwalimu kwanza. Maana huandika ubaoni ya kuwa "borrow" ni kuazima, na "lend" nayo ni kuazima. Basi mtoto atabaguaje?

Neno letu kuazima lina pande mbili. Mtu asemaye, "Niazime jembe," aomba kupewa. Asemaye, "Nimeazima jembe kwa jirani," amekwisha kupewa. Silabi ile ni- na neno kwa ndizo zituonyeshazo mwenye jembe ni nani, wala hatupotei. Wajerumani nao wana neno "leihen" lenye pande mbili vivyo hivyo. Lakini Kiingereza sanifu huzitenga pande hizo kwa maneno mbalimbali: mwenye kitu ndiye wa "lend", mwenye haja ndiye wa "borrow", na nyuma ya "borrow" hutajwa mtoaji kwa "from".

Jambo hili si dogo. Tulipata kumjua karani kijana aliyekopa fedha kwa mwenye duka. Katika barua yake kwa mkubwa wake akaandika "lent" mahali pa "borrowed", hata ikasomeka kwamba yeye ndiye anayedai. Mwenye duka alipokuja kudai haki yake, kijana akaonekana mwongo, naye hakusema uongo ila kwa Kiingereza.

Wako walimu wanaotibu kosa hili kwa kufundisha kuwa "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha. Kwa kuonyesha upande, dawa ni njema. Lakini sasa twasikia watoto wakisema, "Nikopeshe kalamu," na hapo Kiswahili chenyewe kimeumizwa. Akopaye unga hurudisha unga mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza umekwisha kuliwa. Aazimaye chungu hurudisha chungu kile kile. Tofauti hii Kiingereza hakiionyeshi kwa maneno haya: fedha ni "borrow", na kitabu ni "borrow". Afadhali mwalimu afundishe kwa sentensi nzima, mtoaji na mpokeaji wakitajwa, kuliko kulinganisha neno kwa neno.

Ama "loan", Wamarekani hulitumia sana kama kitendo mahali pa "lend". Uingereza wengi hupenda libaki jina la mkopo wenyewe. Mtoto akiliandika kwa namna ya Kimarekani, tusimpige mstari mwekundu.