Mji Mkongwe kwa Kigari cha Mtoto: Nendeni!

Hukumu naitoa mapema, maana siwezi kuizuia: Mji Mkongwe wa Zanzibar ni raha tupu kwa mzazi mwenye kigari cha mtoto! Watawaambieni mkiache nyumbani, eti vichochoro vyembamba, eti mawe. Msiwasikilize! Tumeingia na kigari chepesi cha kukunja, mtoto asiyejua bado kutembea amekaa ndani macho pima, na mji ukatupokea kwa mikono miwili.

Sababu ya kwanza ni kwamba mji huu ulijengwa kabla ya magari. Ingieni Hurumzi, Kiponda, Sokomuhogo au Mkunazini: njia nyingi za ndani hazipitishi gari hata likitaka. Ghorofa za mawe zimesimama ana kwa ana, karibu mno, hata alasiri jua linapochoma nje kwenye soko la Darajani, mtoto yumo kivulini akipigwa na kijiupepo cha bahari. Mji gani mwingine mkubwa wa pwani yetu unakupa hivyo bure?

Sasa siri ya kupita: fuateni mahamali! Hamali anayesukuma mkokoteni uliosheheni kutoka soko la Darajani hapendi ngazi wala shimo. Njia anayoishika yeye, kigari chenu kitapita bila kunyanyuliwa. Na mkifika kwenye kona yenye msongamano, piteni kwa neno lake: "Simile! Simile!" Watu wanasogea, wanatabasamu, wanamchungulia mtoto.

Halafu baraza! Ukingo ule wa jiwe nje ya nyumba ndio kituo bora cha kunyonyeshea nilichowahi kukiona. Msalimu aliyekaa, "Shikamoo bibi," naye ataitika, "Marahaba mwanangu, kaa, mpumzishe mtoto." Kabla hujajipangusa jasho, mwanao keshapakatwa.

Jioni telemkeni Forodhani, na hapa ndipo nilipotaka kupiga vigelegele. Bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009, na vijia vyake ni laini: sukuma kwa kidole! Upande mmoja bahari na vijana wanaojirusha majini, upande wa pili Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib la Sultani Barghash, lililojengwa 1883 na kuporomoka sehemu yake mwaka 2020. Mwanzoni mwa karne iliyopita garimoshi la kwenda Bububu lilipita papa hapa, kwa hiyo magurudumu si mageni mtaani. Na bakuli la urojo wa moto linataka mikono miwili: mtoto akiwa kifuani utaula vipi? Akiwa ndani ya kigari, kaa, kunywa, ongeza kachori!

Kuna mitihani, nayo niiseme. Nyumba nyingi za wageni zina ngazi za mbao zilizosimama wima, basi ombeni chumba cha chini. Pikipiki na baiskeli huchomoka kwenye kona, kwa hiyo chungulieni kwanza, kigari kifuate. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, baadhi ya vichochoro hugeuka madimbwi. Kwa hayo yote dawa ni kanga moja ya mbeleko ndani ya mkoba: mbebe mtoto mgongoni, kunja kigari, endelea.

Nje ya mji je? Daladala zinakwenda karibu kila pembe ya Unguja: 505 uwanja wa ndege, 116 Nungwi. Kigari kilichokunjwa hupandishwa juu na mizigo, konda anakifunga kamba, nanyi mnabanana kwenye benchi na abiria ambao watagombania kumpakata mtoto. Kule kwenye fukwe za Paje na Jambiani subirini maji yatoke. Mchanga mkavu unameza tairi, lakini ule mbichi ulioachwa na bahari ni mgumu, mpana, hauna mwisho: tulikimbia na kigari, mtoto akicheka kwa sauti! Msitu wa Jozani, wenye kima punju, ni wa mbeleko. Mizizi haina mjadala.

Mkinunua kigari kwa safari hii, angalieni mambo matatu: kiwe chembamba, kikunjike kwa mkono mmoja, na kiwe chepesi kiasi cha mtu mmoja kukibeba ngazini. Vile vikubwa vyenye makochi viacheni dukani.

Pwani hii inapenda watoto waziwazi, na kigari kinamweka mtoto mbele, pale kila mpita njia anapoweza kumsalimu. Wazazi, msingoje mtoto akue ndipo msafiri. Kateni tiketi ya boti, pakieni kigari na kanga, mwende Unguja msimu wa kiangazi!